Orodha ya machapisho ya idara: kila ikifika tathmini tunakimbizana, wenzetu mnafanyaje?

BintiMfenesini

Asalaam alaykum wana jukwaa. Naomba msaada kwa waalimu wa vyuo na watafiti mliomo humu, khasa wa Unguja na Pemba maana mazingira yetu mnayajua.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, na idarani kwetu nimepewa kazi ya kukusanya orodha ya machapisho ya waalimu wote kwa ajili ya tathmini ya utendaji. Mwaka wa fedha unaishia Juni 30, kwa hiyo ikifika Mei tu barua inashuka, kila mtu alete alichochapisha, ndani ya wiki iwe imeshafika kwa mkuu wa skuli. Hapo ndo unaanza mtihani. Mmoja anakuletea sivii nzima tokea alipomaliza digrii ya kwanza, utafute mwenyewe mpya ni ipi. Mwengine anapiga picha ukurasa wa mwanzo wa pepa anakurushia wasapu, jina la jarida halisomeki. Mwengine yuko Pemba kwenye fildi simu haipatikani, na huyo ndo mwenye machapisho mengi kuliko sote.

Kinachonisumbua zaidi ni hichi: kuna pepa moja wameandika waalimu watatu wa idara yetu, imekuja mara tatu na kila mmoja kaiandika vyake. Wa kwanza kaweka 2023, wa pili 2024, wa tatu kaandika "imekubaliwa". Majina ya waandishi yamepangwa tafauti, na kwengine kichwa kimekatwa katikati. Nikiziweka zote idara inaonekana inajiongezea, nikiweka moja naambiwa nimempunguzia mtu. Na si jambo dogo hili, kuna mtu anasubiri kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, orodha ikiwa mbovu kazi yake ya miaka inakaa bila kuhesabiwa, hali ya kuwa kazi kaifanya kweli, namuona mwenyewe anavyoshinda maabara mpaka magharibi.

Sasa naomba kujua mnaiweka wapi orodha ili isiwe kitu cha kufufuliwa mara moja kwa mwaka? Mwaka upi ndo unahesabiwa? Na wale wanaoandika kwa Kiswahili, kitabu au sura ya kitabu ambayo mtandaoni haipo kabisa, mnawafanyaje wasionekane hawana kitu?

Ngalawa_Buyu

Wa alaykum salaam dada. Pole kwa kazi, kwetu pia aliyepewa kazi hiyo tunamuombea dua.

Mimi niko kwenye mambo ya bahari, pepa zetu zina waandishi sita saba mpaka kumi, wengine Kenya, wengine Msumbiji, wengine Sweden, kwa hiyo hilo la pepa moja kuja kwa sura tatu nalijua vizuri sana. Dawa yake ni kuandika siku ile ile barua ya kukubaliwa inapoingia kwenye imeli, usingoje siku ya fomu. Siku hiyo kila kitu unacho mkononi, majina yamepangwa, kichwa ndo kile cha mwisho baada ya marekebisho, tarehe iko juu ya barua. Ukiacha mpaka Mei unaanza kuchimba imeli ya Agosti iliyofukiwa chini ya matangazo ya semina na nusu ya mambo umeshayasahau.

Nakuonesha safu moja ya kwangu ilivyo, natumia ekseli ya kawaida tu. Majina yote kwa mpangilio ule ule ulio kwenye jarida, hata wakiwa kumi, siandiki "na wenzake", langu nalikoleza wino. Kichwa kizima bila kukifupisha. Jina kamili la jarida, na ISSN yake, ile namba ya tarakimu nane ya kulitambulisha jarida. Halafu tarehe nne kila moja na chumba chake: iliyotumwa, iliyokubaliwa, iliyotoka mtandaoni, iliyoingia kwenye toleo. Juzuu, toleo, kurasa, na siku hizi majarida mengi hayana kurasa yana namba ya makala, basi andika hiyo. DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Nafasi yangu kwenye hiyo pepa, yaani nilifanya nini. Mwisho jina la faili la PDF, na hili watu wengi hawalitilii maanani, faili naliita mwaka, mwandishi wa kwanza, na neno moja la kichwa, mfano 2024_khamis_mwani.pdf, na barua ya kukubaliwa inapata jina hilo hilo na neno barua mwishoni. Kwa hiyo mtu akiniuliza ushahidi sitafuti, nafungua folda.

Kuhusu DOI, iandike nzima. Inaanza na 10 halafu nukta, namba ya mchapishaji, mkwaju, halafu namba ya makala yenyewe. Ukiibandika baada ya https://doi.org/ inakupeleka kwenye makala. Sababu ya kuing'ang'ania ni kwamba majarida yanahama tovuti, linki uliyonakili kutoka juu ya kivinjari inakufa, lakini DOI mchapishaji anaielekeza upya kwenye makazi mapya. Nimeona sivii za watu zina linki kumi na zote hazifunguki, aliyekaa kwenye kamati atajuaje kama hiyo pepa ipo?

Na ile pepa yenu ya watu watatu, kwenye orodha ya idara DOI ndo inakuamulia. DOI moja ni pepa moja, safu moja, halafu chumba cha pembeni unaandika waalimu wa idara waliomo ni nani na nani. Hakuna aliyepunguziwa, kila mmoja kwenye fomu yake binafsi anaiweka, idara inaihesabu mara moja.

Msuka2000

Mbona mnajipa tabu ndugu zangu. Mi nimefungua prufaili ya Google Scholar, ile ya Google ya kutafutia makala za utafiti, pepa ikitoka inaingia yenyewe, naipa idara linki basi. Kila kitu kipo, na saitesheni, yaani mara ngapi umenukuliwa, zinaonekana, na h-index, ile alama inayopigwa kutokana na hizo saitesheni. Ekseli ya nini tena?

MktabaVuga

Kaka Msuka, Google Scholar ni kitu kizuri na mtu awe nayo, watu wengi duniani wanakutafuta kupitia hapo. Lakini mimi ni mkutubi, kila msimu wa tathmini waalimu wanakuja kwangu na prufaili zao, na naomba nieleze kwa urefu kwa sababu sisi wa visiwani tuna tatizo ambalo hiyo mashine hailijui.

Majina yetu sisi ni lako, la baba, la babu. Wengi wetu kwenye pasipoti jina la ukoo halipo. Mfumo wa jarida wao unataka jina la mwisho, kwa hiyo unalichukua la babu unalifanya ndo ukoo. Sasa Unguja na Pemba hizi wenye babu Khamis, Juma, Hamad, Ali, Omar ni wangapi? Akitokea Ali Juma Khamis wa kilimo na Asha Juma Khamis wa afya, wote kwenye marejeo wanakuwa A. J. Khamis. Hapo bado hatujagusa tahajia: Khamis, Hamis, Khamisi. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Said, Saidi, Saeed. Mtu makala ya kwanza ya masta alijaza majina mawili, ya PhD kajaza matatu, akenda kusoma Malaysia wakamuandika na bin katikati, akarudi. Huyo ni mtu mmoja, mashine inaona wanne. Na kinyume chake, watu wanne inawaona mmoja.

Ndo maana prufaili ikiachwa iongeze yenyewe inaingiza pepa za watu wengine. Nimeshaona prufaili ya mwalimu wa lugha ndani yake mna makala ya upasuaji wa moyo. Mwenyewe hajafanya hila yoyote, ila kamati ikifungua itafikiri vyengine na kumuharibia. Kwa hiyo la kwanza, ingia kwenye mipangilio ya prufaili, pale kwenye kuongeza makala uchague uletewe imeli uipitishe mwenyewe, usichague iongeze bila kuuliza. La pili, pepa ikijitokeza mara mbili, moja ya semina moja ya jarida au kichwa kimeandikwa kwa makosa, unazitia alama zote mbili halafu kuna kitufe cha kuziunganisha. Ukishasafisha, unaweza kuitoa orodha nzima kwa CSV ukaifungua kwenye ekseli ya Ngalawa, ila ujue haitakuja na DOI, hizo uzijaze wewe.

Sasa kwa jambo la jina dawa ni ORCID. Imeanza Oktoba 2012, bure kwa mtafiti, unapewa namba ya tarakimu 16 katika mafungu manne, nyengine mwisho wake ni X badala ya tarakimu. Namba ni yako wewe, haifuati chuo, ukihama kazi unahama nayo. Ndani yake kuna sehemu ya majina mengine unayojulikana kwayo, pale weka tahajia zote ulizowahi kuchapishia, na ya bin weka, na yenye herufi tu weka. Halafu amua tahajia moja ya kuchapishia kuanzia leo na usiibadilishe tena, kwenye jarida, kwenye imeli ya kazi, kwenye kongamano, kote.

Faida nyengine ni hii. Ukituma pepa na ukaingiza namba yako ya ORCID, mchapishaji akiisajili DOI kule Crossref, shirika linalosajili DOI za wachapishaji, pamoja na namba yako, Crossref wanakuletea taarifa ndani ya akaunti yako ya ORCID wakiomba ruhusa. Ukiwakubalia mara ile ya kwanza, pepa zinazofuata zinaingia zenyewe, na hazikosei mtu kwa sababu zimefuata namba wala si jina. Watu wengi wanafungua ORCID kwa sababu jarida limewalazimisha, hawarudi tena ndani, ile taarifa inakaa haijasomwa mwaka mzima na kurasa yao tupu. Ingieni leo mkatizame.

Na wenye prufaili kwenye Scopus, ile hazina kubwa ya taarifa za makala na saitesheni, ile hukuifungua wewe, wanaitengeneza wao wenyewe, na kwa majina haya mtu anagawika prufaili mbili tatu. Kuna fomu ya kuomba waziunganishe, haina malipo na si lazima chuo kiwe kimelipia.

BintiMfenesini

Mashallah, Mungu akulipe. Hili la majina ndo lililokuwa linanitatiza bila kujua ni nini, nilikuwa nafikiri watu wanaandika ovyo tu kumbe ndo majina yao yalivyotoka kwenye jarida.

Kwa hiyo kwenye orodha ya idara niandike jina la mtu lilivyo kwenye pepa au lilivyo kazini? Na bado swali la mwaka hamjanijibu. Ile pepa imetoka mtandaoni Novemba 2023, toleo lenyewe ni la 2024.

MktabaVuga

Liandike lilivyo kwenye pepa, usilisahihishe. Pembeni uweke chumba cha jina la kazini na namba yake ya ORCID. Hivyo hata aje mtu mwengine kushika kazi yako atajua ni nani.

BabuKisiwandui

Salaam kwenu vijana. Mimi nimekaa kwenye kamati za kupandisha vyeo muda mrefu, na nimefurahi sana kuona mnaulizana mambo haya mapema badala ya kuja kulia mlangoni.

Mwanangu BintiMfenesini, kwanza tafuta mwongozo wa chuo chenu, kila chuo kina wake na kamati inafuata ule ulioandikwa. Pale ambapo mwongozo haukusema, nitakwambia tulivyokuwa tunafanya. Pepa ina hali nne: imetumwa, imekubaliwa, imetoka mtandaoni, imeingia kwenye toleo. Iliyotumwa si chapisho. Iwe kwenye sehemu yake peke yake, kazi zinazoendelea, maana ni kweli mtu kafanya kazi, lakini ikichanganywa na zilizotoka basi hata zile za kweli zinatiliwa shaka. Iliyokubaliwa inakwenda na barua. Iliyotoka mtandaoni ikiwa na DOI hiyo imeshatoka, na hapo ndo tulipokuwa tunaihesabu, kwenye kipindi cha tathmini kilichomo tarehe ile. Ile yenu ya Novemba 2023 ni ya mwaka wa fedha 2023/24. Toleo likija 2024 unarudi kwenye safu ile ile unajaza juzuu na kurasa, hufungui safu mpya. Tabu yote inatokana na mtu kufungua safu mpya, mwaka huu kaileta kama ya mtandaoni, mwakani kaileta tena kama ya toleo, na mara nyingi hana nia mbaya, kasahau tu kama kaishaileta. Ndo maana nampongeza huyu wa Buyu na tarehe zake nne, ukiwa nazo zote swali la mwaka linajijibu lenyewe hata mwongozo ukibadilika.

Hilo la "nilifanya nini" nalo lisipitwe. Pepa yenye waandishi kumi, wewe ni wa sita, kamati itauliza. Majarida mengi sasa yanatumia mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, kuna aliyebuni wazo, aliyekusanya data, aliyechambua, aliyeandika rasimu, aliyesimamia, na kadhalika. Nakili yale yaliyoandikwa kwenye pepa yenyewe kuhusu wewe, usitunge. Kijana aliyezunguka vijijini Micheweni na dodoso jua kali, kisha jina lake likawekwa la saba, hapo ndipo haki yake inapoonekana.

Kuhusu hesabu za saitesheni na impakt fakta, yaani wastani wa saitesheni za makala za jarida, niseme la moyoni. Lipo Azimio la San Francisco la kutathmini utafiti, DORA, limeanzia mkutano wa 2012, linasema wazi impakt fakta ya jarida isitumike kupimia ubora wa makala ya mtu mmoja mmoja wala kumuajiri au kumpandisha. Nakubaliana nalo kabisa. Ukiandika h-index yako andika na imetoka wapi na tarehe gani, maana ya Google Scholar na ya Scopus hazilingani hata siku moja, Google wanahesabu mpaka tasnifu na ripoti.

Na tafadhalini, DOI si cheti cha ubora. Jarida la kulipia pesa ukachapishwa ndani ya wiki bila mhakiki nalo linaweza kuwa na DOI. Kabla ya kutuma litizame kama limo kwenye DOAJ, ile saraka ya majarida ya wazi iliyopo tokea 2003, soma majina ya bodi ya wahariri, soma makala zake mbili tatu. Pepa ikishatoka pabaya huwezi kuirudisha, na kwenye orodha itakaa na jina lako.

MwlChake

Mzee wangu shikamoo. Umesema yote mazuri ila naona wote mmeruka swali la tatu la dada, na hilo ndo linalotuuma sisi wa lugha na fasihi.

Mimi nafundisha Kiswahili. Nimeandika sura kwenye vitabu, makala za kongamano, kitabu cha ushairi kwa skuli, na nimekusanya istilahi za wavuvi na wajenzi wa majahazi hapa kisiwani. Ukinitafuta kwenye Scopus sipo. Kwenye fomu niliyowahi kupewa kulikuwa na chumba cha DOI na kikawekwa lazima, usipokijaza mfumo haukuruhusu uendelee. Yaani kitabu kina kurasa zaidi ya mia mbili, watoto wanakisoma darasani, mfumo unaniambia hakipo. Inauma jamani. Kwa hiyo dada, unapotengeneza orodha yako ya kwanza kabisa, chumba cha DOI kisiwe cha lazima, weka chumba kinachoitwa kitambulisho, mwenye DOI aweke DOI, mwenye kitabu aweke ISBN, mwenye jarida la karatasi aweke ISSN na kurasa.

ISBN ni tarakimu 13 kwa vitabu vya tokea 2007, vya kabla ya hapo ni 10, zote sawa, usimkatalie mtu mwenye kumi. Sura ya kitabu iwe na majina ya wahariri na kurasa kutoka mpaka, bila kurasa inaonekana kama kitabu chote anadai chake.

Ushahidi wetu ni karatasi, basi tuipige skani vizuri, si picha ya wasapu iliyopigwa usiku. Vitu vinne tu: jalada, ule ukurasa wa nyuma ya jina wenye mchapishaji na mwaka na ISBN, yaliyomo pale jina lako lilipo, na ukurasa wa kwanza wa sura yako. Vinaingia PDF moja. Makala ya kongamano ambayo haikuchapwa popote, na haki bado ni zako, mimi nimeanza kuziweka Zenodo, ni ghala la mtandaoni la CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya, lililofunguliwa 2013, bure, unapakia PDF unachagua lugha Kiswahili wanakupa DOI hapo hapo. Haiifanyi kuwa makala iliyohakikiwa, usije ukaiorodhesha hivyo, iandike makala ya kongamano. Lakini angalau ipo mahali, mwanafunzi wa Wete na wa Leipzig wote wanaisoma, haiko tena kwenye kabati langu inaliwa na mchwa. Kama uliiandikia kitabu cha mtu waulize kwanza wahariri.

Na ndani ya ORCID hizi zote unaweza kuziandika kwa mkono, kuna sehemu ya lugha na sehemu ya kichwa kilichofasiriwa. Kichwa changu nakiacha Kiswahili juu, tafsiri inakaa chini yake kwa wasiojua.

Wenye makala kwenye jarida la Swahili Forum au kwenye majarida yaliyomo AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika, nyie mna nafuu, linki ya kudumu mnayo, muiweke.

BabuKisiwandui

Marahaba. Umesema haki mwalimu, hilo la chumba cha lazima nililiona likiwaumiza watu wazima wenye vitabu vyao. Dada hapo zingatia.

Kiponda_Juu

Naongeza moja tu kwa dada kwa upande wa idara. Ekseli inafaa kwa mtu mmoja, ila ikiwa watu kumi na tano wanatumiana faili kwa imeli utakuja kuwa na orodha_mpya, orodha_mpya2, orodha_mwisho, orodha_mwisho_kweli, hujui ipi ndo yenyewe. Sisi tumehamia Zotero, programu ya kutunzia marejeo. Ni bure, unafungua maktaba ya kundi, unawaalika waalimu wa idara, kila mmoja akipata pepa anabandika DOI au ISBN inajaza majina, kichwa, jarida, mwaka yenyewe. Zile taarifa hazina kikomo, mafaili ya PDF ndo yana kikomo cha MB 300 bure, kwa hiyo PDF za ushahidi tunaweka kwenye draivu ya idara na ndani ya Zotero tunaandika jina la faili kama alivyosema Ngalawa. Kila ingizo linapewa lebo ya mwaka wa fedha, mfano 2024/25, na jina la mwalimu wa idara. Ikija barua ya Mei unachagua lebo, unatoa orodha kwa mtindo wa marejeo wa APA au wowote wanaotaka, umemaliza.

Na kizuri kwetu hapa inafanya kazi bila intaneti. Umeme ukikatika na mtandao ukaondoka na laptopu yako ina chaji unaendelea, ikirudi inasawazisha.

Msuka2000

Nimeingia kwenye Scholar yangu baada ya kumsoma MktabaVuga, nimekuta pepa mbili za uhandisi si zangu. Nimeziondoa, na nimeweka ya kuletewa imeli. Sasa nina swali, hiyo Zotero nikibandika DOI imenipa jina langu kinyume, jina la kwanza limekaa la ukoo. Nirekebishe?

MktabaVuga

Inategemea kosa liko wapi kaka. Zotero inaleta taarifa alizosajili mchapishaji, kwa hiyo fungua ile DOI utizame ukurasa wa makala na PDF yenyewe. Kama kwenye PDF jina liko sawa na kwenye usajili limegeuzwa, rekebisha kwenye Zotero yako na uwaandikie jarida wawasahihishie kule Crossref, mara nyingi wanafanya. Kama na PDF yenyewe imekosea, usibadilishe kwenye orodha peke yako, kamati itafungua DOI ikute jina jengine, omba jarida watoe masahihisho, na hiyo tahajia iweke kwenye majina mengine ya ORCID.

BintiMfenesini

Nimeshafungua maktaba ya kundi na nimeanza na ile pepa ya watu watatu, imekaa safu moja na tarehe zake zote, wenyewe nimewaonesha wameridhika. Chumba cha kitambulisho nimekiweka kama alivyosema MwlChake na hakina lazima.

Aliyebaki ni daktari wetu yuko fildi Pemba mpaka mwezi ujao, intaneti ya shida, na karatasi zake nyingi ni ripoti na vitabu vya mradi.

MwlChake

Yuko upande gani? Kama ni Wete au Chake mwambie anitafute kupitia ujumbe wa ndani wa jukwaa, skana ninayo ofisini, aje na vitabu vyake tuvipige zile kurasa nne nne nikutumie mimi. Zenye DOI asihangaike nazo, akuandikie namba tu kwa meseji ya kawaida, utabandika mwenyewe.